Shawa ya umeme ya mama, na erthi iliyokuwa haipo

Niwaambie kwanza wanaonicheka: ndiyo, Tanga kuna joto, na ndiyo, nimeweka maji ya moto bafuni. Kusi likivuma mwezi wa sita, mtu wa miaka sabini na ushee mwenye magoti yanayomuuma hana habari na joto la Tanga. Mama alikuwa akichemshiwa maji ya kuoga kila alfajiri, na mchemshaji nilikuwa mimi.

Kabla hata shawa, ile inayopasha maji yenyewe kwa umeme, haijatoka kwenye boksi, ushauri ulikuwa umejaa sebule. Shemeji, mume wa dada yangu, alisema nichukue moto wa taa ya bafuni, "si upo palepale juu?" Taa ile imevutiwa waya mwembamba, wa milimita za mraba 1.5. Shawa imeandikwa wati 5,500. Gawanya kwa volti 230, unapata kama ampea 24, na waya wa taa hauwezi mzigo huo hata kidogo. Nikamwandikia hesabu nyuma ya risiti. Akajibu kwamba kwake inafanya kazi siku zote. Kwake, kwa taarifa yenu, dari ya bafuni ina doa jeusi juu ya taa, naye anasema ni moshi wa udi.

Jirani naye: funga erthi, yaani ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, kwenye bomba la maji. Bomba gani? Kuanzia tangini mpaka bafuni ni plastiki tupu, chuma ni koki peke yake. Yaani umeme ukivuja umkute mama pale anaposhika.

Aliyenikera kuliko wote ni fundi wa kwanza, kwa sababu huyo nilimlipa nauli. "Dada, erthi ya nini? Tunaiunganisha na nyutro hapohapo kwenye shawa, kazi imekwisha." Nyutro ni ule waya unaorudisha umeme. Nyutro ikilegea au kukatika huko nyuma, kila kilichoungwa nayo kinapata moto, pamoja na maji yanayomwagikia kichwani. Na sisi tunakaa Sahare, chumvi ya bahari inakula skrubu mpaka za bawaba. Nikampa chai, nikamshukuru, akaenda zake.

Wa pili nilimpata kwa kuuliza kwanza kama ana leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kilichonifurahisha, hakutaka kuona bafu, alitaka kuona meni swichi. Akachukua mita yake, akapima soketi ya sebuleni kati ya waya wa moto na erthi. Tulitarajia volti 230 na kidogo. Mita ikacheza namba za ajabu, mara juu mara chini, kama redio inayotafuta stesheni. Akafungua soketi: tundu la tatu lipo, waya wa kijani na njano haupo kabisa! Soketi za nyumba nzima zilikuwa na tundu la pambo. Kwenye meni swichi waya wa erthi ulikuwepo, umefungwa vizuri tu, unatoboa ukuta kwenda nje. Tukatoka nao. Ukashuka ukutani, ukapita chini ya plasta, mimi nakwangua kwa kisu cha jikoni, fundi anacheka, mpaka tukafika mwisho wake: ncha imekunjwa, imepakwa rangi ya ukuta. Fito ya shaba ya kuufikisha ardhini hakuna. Ama haikuwahi kuchimbiwa, ama iliishia kwa wanunua chuma chakavu. Miaka yote hiyo friji na pasi vilikuwa vinaishi kwa rehema za Mungu.

Basi tukaanzia nje. Fito ya shaba mpya ikagonga jiwe mapema, na nyundo ikaanza kuipinda kichwa. Hapo fundi akanionyesha ufundi ambao sasa nautangaza mtaa mzima. Tulihamia pembeni, pale maji ya kufulia yanapomwagwa kila siku. Unachimba kishimo, unajaza maji, unasimamisha fito na kuisukuma kwa mikono, unaivuta juu kidogo maji yaingie, unaisukuma tena. Inazama yenyewe huku inakoroma. Nyundo tuliitumia mwishoni tu. Na ardhi yenye unyevu inapitisha umeme vizuri kuliko mchanga mkavu, kwa hiyo mahali penyewe ni faida. Mzee mmoja alileta chumvi ya mawe tumwagie. Tukamshukuru, tukaipeleka jikoni. Chumvi inasaidia kweli, lakini baadaye inaila ile klampu, na ya baharini inatutosha.

Yaliyobaki ni kazi ya kawaida: waya wa 6 kutoka meni swichi moja kwa moja hadi shawa bila kiungo njiani, breka yake peke yake ya ampea 32, RCD ya miliampea 30, yaani kifaa kinachokata umeme ukivuja, na ile swichi kubwa yenye kitaa chekundu inayokata moto na nyutro kwa pamoja. Swichi iko nje ya mlango wa bafu. Ndani mkono uliolowa hauna cha kubonyeza. Soketi nazo zikavutiwa erthi. Wakati wote huo meni imezimwa na mwanangu amewekewa kiti mbele yake, maana nyumba hii ikifika saa ya tamthilia kuna watu hawaaminiki.

Shawa yenyewe msinunue kwa sura. Sisi tunatumia kisima chenye chumvi, na zile za bei rahisi koili yake, ule waya unaopasha maji, imekaa wazi ndani ya maji. Maji ya chumvi yanapitisha umeme zaidi, RCD itakuwa inakata kila siku na watu watasema mbovu. Kuna zenye koili iliyofunikwa kwa maji ya namna hiyo, ulizeni maduka ya Ngamiani. Kwa hiyo niliongeza shilingi elfu thelathini na kitu kwa shawa ya aina hiyo. Waya ndio ulionitoa jasho. Kwa jumla sijui, laki tatu na zaidi, fundi ndani yake.

Kitufe cha T, cha kujaribia, kwenye RCD nakibonyeza kila mwanzo wa mwezi, kisipokata namwita fundi. Kuhusu LUKU, umeme wa kulipia kabla: dakika kumi za shawa ni karibu yuniti moja. Mama anaoga dakika ishirini na anaimba kasida, kwa hiyo yuniti ananunua shemeji kila akija kuoga hapa.