Mpira uliolala kwenye kayaba

Kadi yangu ya kwanza ya mashindano ya gofu hapa Nakuru ilikuwa na mikwaju miwili ambayo sikuipiga. Mpira ulikuwa umetulia juu ya kijia cha saruji. Nilikuwa nimesikia kwamba kwenye kijia unasogeza mpira bila adhabu, basi nikauokota mbio kama mtu aliyeona noti barabarani, nikauangusha upande wa kulia, kwenye nyasi safi, nikapiga. Mzee niliyecheza naye alinisubiri hadi tukamaliza shimo, ndipo akasema: "Mwalimu, sheria inasema mahali pa karibu. Haikusema mahali pazuri."

Pa karibu palikuwa kushoto, katikati ya miiba. Kucheza kutoka mahali pasipofaa ni adhabu ya mikwaju miwili. Ningeuacha na kuupiga juu ya saruji, ningekwaruza fimbo tu. Na kama ningeuokota kisha nikaghairi, kuurudisha kungenigharimu mkwaju mmoja. Tangu siku ile siugusi mpira kabla sijaona kwa macho utakapoangukia.

Nikaanza kusoma kitabu cha sheria usiku, baada ya kusahihisha insha. Kinatolewa na vyama vinavyosimamia gofu, R&A ya Scotland pamoja na USGA ya Marekani, na mabadiliko makubwa yalifanywa 2019. Zamani mpira uliangushwa kutoka usawa wa bega, siku hizi ni goti, na bado utaona wazee wakinyoosha mkono kana kwamba wanaapishwa. Muda wa kutafuta mpira ulikuwa dakika 5, sasa ni 3. Kuhusu wanyama hatari, nyuki na nyoka wametajwa waziwazi: unasogea bila adhabu. Huko Kisumu husimuliwa kwamba zamani kilabu kilikuwa na kanuni yake kuhusu kiboko na mamba. Sisi wa Nakuru tuna fuko.

Na fuko ana upendeleo wake. Shimo lake, pamoja na udongo aliotifua, linakupa nafuu ya bure, urefu wa fimbo moja kutoka mahali pa karibu, bila kulisogelea shimo la kuchezea. Kilima cha siafu hakikupi hiyo. Kinahesabiwa kama jani kavu: kiondoe kwa mkono ukiweza.

Sasa siku yenyewe. Shimo la par 4, yaani la kumalizwa kwa mikwaju minne, mlima Menengai umejitokeza upande mmoja na jua linachoma. Nikapiga kutoka tii, mahali pa kuanzia, mpira ukapinda kushoto kuelekea ua wa kayaba. Nikamwambia mzee kwa sauti kwamba napiga mpira wa akiba, yaani wa pili endapo wa kwanza utapotea, maana usipotamka neno hilo, huo wa pili ndio unakuwa mpira wako. Basi nikaupiga wa akiba, na kwa bahati yangu mbaya ulikwenda vizuri ajabu, katikati ya uwanja. Moyoni nikaomba ule wa kwanza usionekane.

Kedi wangu, mbeba fimbo, akauona ule wa kwanza kabla dakika 3 hazijaisha. Aliinama chini ya kayaba, akapiga kelele kwa furaha, nami nikajikaza kutabasamu. Mpira wa kwanza ukipatikana uwanjani kwa wakati, ule wa akiba umekufa, hata kama umelala juu ya zulia.

"Mwalimu, bahati yako, uko kwenye udongo wa fuko," kedi akasema. "Angusha bure."

Nikapiga magoti kuangalia. Kweli, nusu ya mpira ilikuwa imezama kwenye udongo laini mweusi. Lakini juu yake matawi yalikuwa yamefumana, miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia, na fimbo isingepita hata kwa kusukuma. Hapo ndipo usiku wa kusoma ulipolipa. Nafuu ya fuko haipo ikiwa kitu kingine, kisicho na nafuu, ndicho kinachokuzuia kabisa kupiga. Kilichonizuia kilikuwa kayaba. Fuko hakuwa na kosa.

Basi nikatangaza kwamba mpira hauchezeki. Uamuzi huo ni wa mchezaji peke yake, na bei yake ni mkwaju mmoja. Kedi akashauri niuangushe ndani ya urefu wa fimbo mbili kando. Nikazipima kwa dreva, fimbo yangu ndefu kuliko zote, pasipo kuokota chochote: mwisho wa fimbo ya pili bado ulikuwa ndani ya miiba. Ningelipa mkwaju na kubaki palepale. Njia ya pili, kurudi kupiga tena kutoka tii, nayo ilikuwa mbali.

Ikabaki njia ya tatu, ambayo wengi wanaisahau: unarudi nyuma, mahali ulipolala mpira pakiwa katikati yako na bendera, na unaweza kurudi umbali wowote. Nikatembea kinyumenyume huku kedi akiwa amesimama kwenye ua kama mlingoti, hatua 40 hivi, mpaka nikatoka kwenye kivuli. Nikaangusha mpira kutoka gotini kwenye mstari ule. Uliruka kidogo, ukatulia ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka ulipogusa ardhi, kama inavyotakiwa.

Mkwaju wa tatu, ule wa adhabu ukihesabiwa, ukafika ukingoni mwa grini, nyasi fupi zinazozunguka shimo. Kisha pata mbili, mikwaju ya kuusukuma mpira shimoni.

Mzee akatoa penseli. "Ngapi?"

"Tano."

Akaniangalia kidogo, akaandika.