Kichocheo kinachochujika
Mdogo wangu wa kidato cha sita hapa Mtwara kaniuliza: kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali bila chenyewe kuisha, kikishamaliza kazi kinakwenda wapi? Swali zuri mno! Paladiamu, metali inayotumika kama kichocheo, ikiyeyuka kwenye mchanganyiko, kuitoa ni kazi ngumu, na metali yenyewe ni ghali. Kwa hiyo wanakemia huifunga kwa molekuli zilizoshikamana na chembe za silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga. Mmenyuko ukiisha unachuja, unaosha, unatumia tena. Shida ni metali kubanduka kidogo kidogo, kichocheo kikachoka. Mwaka 2001 Mtanzania mwenzetu, Egid Mubofu, alichapisha kazi ya paladiamu juu ya silika akiwa na wanakemia wenzake Clark na Macquarrie. Na mafuta ya maganda ya korosho, haya haya yanayotuunguza vidole, yametumika kuunda silika yenye vitundu. Najivunia sana.