Herufi ya nane: ninavyoandika vibao vya steshenari Tanga bila kukosea

Kibao cha duka la madaftari na fotokopi hukosewa mahali pamoja tu, kwenye herufi ya nane. STATIONERY yenye E ni karatasi, kalamu, bahasha na vifaa vingine vya kuandikia. STATIONARY yenye A ni sifa ya kitu kilichosimama pasipo kusogea: gari lililoegeshwa, au injini ya kinu iliyofungwa kwenye zege. Yote mawili yana herufi 10. Saba za mwanzo ni STATION, mbili za mwisho ni RY. Kwa hiyo kuhesabu hakusaidii. Utapata kumi kamili na bado umekosea.

Sikio nalo limeshindwa, kwani Waingereza wenyewe hawayatofautishi wakiyatamka. Kiswahili chetu kimezidisha mtego: tumesema "steshenari", na mkono hufuata mdomo. Kompyuta pia inanyamaza, haipigi mstari mwekundu, maana maneno yote mawili ni halali kwake.

Ninachokitegemea mimi ni bekari na grosari. Kiingereza huandika BAKERY, GROCERY, STATIONERY. Kwetu zote zimeishia -ari, kwao zote zina E, kwa sababu zimetokana na mtu wa kazi hiyo: baker anayeoka, grocer anayeuza vyakula, stationer anayeuza vifaa vya kuandikia. Ongeza Y kwenye jina la mtu, umepata duka au bidhaa zake. (Grosari ya kwetu inauza bia, lakini hilo si kosa la tahajia.) STATIONARY iko kundi la ORDINARY na NECESSARY, ambazo ni sifa. Ila kanuni ya bekari usiipeleke kwenye dispensari: DISPENSARY ina A, na hiyo ni ya kukariri tu. Anayejifunza kazi kwangu namwambia kwa mkato: "peni" ina E, "simama" inaishia A. Na aliyekulia Ngamiani, penye barabara za namba, hasahau kukagua "barabara ya nane" ya neno.

Wapo wenye maduka wanaobisha: "Fundi, acha hiyo A, kwani duka langu si limesimama hapahapa?" Kwa asili ya neno, hajapotea sana. Maneno yote mawili yametoka kwenye Kilatini. Zama za kati huko Ulaya, stationarius alikuwa muuza vitabu mwenye duka la kudumu, mara nyingi karibu na chuo kikuu, tofauti na mchuuzi wa kuzunguka. London chama cha watu wa kazi hiyo kilianza 1403, kikapata hati ya kifalme 1557. Tahajia zikaachana baadaye, E kwa bidhaa na A kwa kusimama. Namweleza hayo, kisha naandika E.

Kabla ya brashi namwomba mteja aandike jina la duka kwa mkono wake, nami naliandika upya chini yake kwa herufi kubwa na kuizungushia duara ya nane. Jina lililosajiliwa likiwa na A, namwonyesha na kumwachia uamuzi, kwa kuwa kibao na leseni vinapaswa kufanana.

Kwenye ubao wa futi 8, yaani sentimita 244, naacha sentimita 12 kila upande. Zinabaki 220. Herufi tisa nazipa sentimita 23 kila moja pamoja na nafasi yake, I naipa nusu ya hapo. Nachora yote kwa chaki, halafu nasoma kutoka kulia kwenda kushoto: Y, R, E. Ukisoma kwa mkondo wa kawaida jicho hukamilisha neno lenyewe bila kuangalia.

A ikishapakwa rangi ya mafuta haigeuki kuwa E, kwani miguu yake imelala na E inataka nguzo iliyonyooka. Ukiifuta kwa kitambaa ingali mbichi unachafua ubao. Iache ikauke kabisa. Kwa unyevu wa pwani yetu siku moja mara nyingi haitoshi. Piga msasa namba 220, paka rangi ya chini mara mbili, ndipo uandike E. Kama ubao ni wa zamani, kiraka kitaonekana kipya kuliko sehemu nyingine, hivyo paka upya mstari mzima wa neno. Bango la kuprinti nalo halitaki kubandikwa stika juu ya herufi iliyokosewa. Kingo zake huachia kwa jua na upepo wa bahari, na A inachungulia tena chini yake. Hilo liprinti upya.