Mbuzi ya Baba

Mwishoni mwa 1997, mvua za El Niño zikiipiga Tanga usiku na mchana, mama alijifungua mdogo wetu wa mwisho. Bibi ndiye angekuja kumwangalia mzazi mpaka arobaini iishe, ila barabara ya Pangani siku zile ilikuwa ya udongo mtupu na magari yalikuwa yakikwama njiani. Siku zikapita, bibi hajafika. Kazi za ndani akazishika baba.

Nilikuwa na miaka 11. Alfajiri, majirani hawajaamka, baba alikuwa keshafua beseni zima la nepi. Kuzianika ilikuwa kazi yangu. Jioni alifunga dirisha la uani, akaikalia mbuzi na kukuna nazi mbili. Alikuwa fundi kwelikweli. Kifuu alikizungusha taratibu kiganjani, asiiguse ile ngozi ya kahawia, na nazi ikadondoka kwenye sinia nyeupe kama unga. Tui lake la kwanza lilikuwa zito la kuganda kidoleni.

Nje, hatua kumi kutoka mlangoni petu pale Ngamiani, ndipo wenzake walipokaa barazani. Kahawa, kashata, bao, na ubingwa wa Coastal Union wa 1988 ambao walikuwa hawajamaliza kuusimulia. Wazee walewale, ikitokea shughuli, walivua mashati wakapika pilau la masufuria makubwa na mtaa mzima ukawasifu. Lakini mwanamume akune nazi ya chakula cha nyumbani kwake? Huyo kalishwa limbwata. Nilisikia kwa masikio yangu wakimsema hivyo jirani mmoja, mpaka akaacha kuja barazani. Baba alikuwepo siku ile, na alicheka pamoja nao. Kila nikimwona anafunga lile dirisha, kicheko kile kilinirudia.

Jumamosi moja mvua ikakatika. Mtu akapiga hodi na kuingia bila kungoja karibu. Baba aliruka kutoka kwenye mbuzi kama aliyeungua, akanitia kifuu mkononi. “Kuna vizuri!” akanikaripia, yeye ambaye hakuwa mtu wa kukaripia. Sikujua kukuna. Meno ya mbuzi yakanichana kidole gumba, damu ikatona juu ya nazi.

Aliyeingia alikuwa baba mdogo, katokea Muheza. Aliniangalia mimi, akamwangalia kaka yake ambaye nazi iliyokunwa ilikuwa bado imemganda magotini.

“Shikamoo kaka. Sasa hata mimi unanificha?”

Baba hakujibu. Baba mdogo akachukua nazi nzima, akaibana mbuzi kwapani, akatoka nayo mpaka barazani na kuitega karibu na birika la kahawa.

“Shikamooni wazee wangu. Shemeji yangu ni mzazi, na leo atakula wali wa nazi niliyoikuna mimi. Mwenye neno aliseme kabla sijamaliza kifuu hiki.”

Hakuna aliyetaja limbwata. Mmoja alicheka mpaka akakohoa. Mwingine, yule yule aliyekuwa mkali kuliko wote kwa jirani, akamwambia unakuna mpaka ganda, nazi itaingia uchungu, akampokonya kifuu cha pili amwonyeshe walivyokuwa wakifanya kwenye jahazi alipokuwa kijana. Baba alisimama mlangoni, hakutoka.

Nimekaa na siku ile miaka mingi. Zamani nilimwona baba mwoga, na hilo silisemi tena. Kuhusu mzazi kupumzishwa, yeye na mdogo wake walikuwa na moyo mmoja. Ila baba neno moja la watu lingemkesha usiku kucha, na baraza lile ndilo pekee alilokuwa nalo tangu utotoni. Baba mdogo alizaliwa na ulimi wa kumnyamazisha yeyote, tena kesho yake alikuwa anapanda basi kurudi Muheza. Angebaki pale mwaka mzima, sijui wazee wangecheka naye au wangemcheka yeye.

Usiku nilimpelekea mama sahani chumbani. Alionja kijiko kimoja, akamsogeza mtoto pembeni.

“Nazi hii kakuna nani?”

“Baba mdogo.”

Akanirudishia sahani. “Mwambie baba yako kesho akune yeye. Na mwambie hilo dirisha aliache wazi, joto linaniua.”