Kona ya mita tisa

Kwa miaka 11 kazi yangu ilikuwa kuchora barabara. Mhandisi analeta hesabu zake, mimi nachora upana, mteremko, mifereji na kona. Kona za njia panda nilizichora kwa nusukipenyo cha mita 9, wakati mwingine 12 (kinavyokuwa kikubwa ndivyo mviringo wa kona unavyokuwa mpana), ili lori refu lipinde bila kupanda ukingo. Katika miaka yote hiyo sikumbuki hata mmoja wetu akiuliza mtu mwenye mkongojo atavukia wapi.

Swali hilo nimeletewa na mama yangu. Alifanyiwa upasuaji wa goti, daktari akamwagiza atembee kila siku. Basi asubuhi tunatoka wawili, taratibu, mimi nikikaa upande wa magari. Tulikuwa tunaishia pale pale kila siku, njia panda. Mama anasimama, ananishika mkono, anasema, "Mwanangu, turudi."

Siku moja nilikwenda peke yangu na futikamba. Barabara yenyewe ina upana wa mita 7. Lakini pale tunapovukia, kwa sababu kona zote mbili zimekatwa kwa mviringo mpana, kutoka ukingo hadi ukingo ni mita 14. Mama hutembea mita 0.7 kwa sekunde, nimempima kwa saa. Kwa hiyo anakaa sekunde 20 mbele ya magari, mahali ambapo sekunde 10 zingemtosha. Tena mviringo ule unampa dereva ruhusa ya kupinda bila kugusa breki. Kona ingekuwa kali, angelazimika kupunguza mwendo na kugeuza kichwa, na kichwa kikigeuka ndipo macho yanapomwona mtu aliyesimama ukingoni.

Tofauti ya mwendo si ndogo kama inavyosikika. Gari likienda kilomita 30 kwa saa na dereva akamwona mtu ghafla, kwenye lami kavu litasimama baada ya mita 13 hivi. Likienda 50, katika mita hizo hizo 13 dereva bado hajaanza kukanyaga breki. Sekunde moja ya kushtuka imeshamtoka, na gari bado lina kasi yake yote. Ndiyo maana sina imani na kibao peke yake. Weka kibao cha 30 kwenye barabara pana iliyonyooka, dereva ataifuata barabara. Ipunguze upana, inyanyue sehemu ya kuvukia iwe sawa na njia ya miguu, panda miti karibu na ukingo, na wengi watashusha mwendo hata kabla hawajakisoma.

Ninapoyasema haya naambiwa kwamba yanawezekana Uholanzi tu, kwa sababu Waholanzi wamezaliwa juu ya baiskeli. Hapana. Uholanzi nayo iliyapisha magari kwa muda mrefu, na mwaka 1971 watoto zaidi ya 400 walikufa barabarani humo. Wazazi wakaingia mitaani kudai watoto wao wasiendelee kuuawa. Mjini Delft mitaa ya makazi ilianza kupindwapindwa kwa miti na vitanda vya maua hadi gari likalazimika kwenda mwendo wa mtu anayetembea, na mwaka 1976 sheria ya nchi ikaitambua mitaa ya namna hiyo. Kwa hiyo kilichobadilika kule ni michoro. Nayaandika haya nikiwa mchoraji, na yananiuma.

Seville, huko Hispania, walijenga takriban kilomita 80 za njia za baiskeli kwa mkupuo mmoja, mwaka 2006 na 2007, na baiskeli zikaongezeka maradufu na zaidi. Nadhani siri yao ni kwamba njia zile ziliungana na zilitengwa na magari. Mpwa wangu wa miaka 12 ana baiskeli ambayo wiki nzima imeegemea ukuta. Njia ya baiskeli iliyo karibu naye ni mstari wa rangi tu, magari yanaegeshwa juu yake, na ikifika njia panda inapotea. Inamtelekeza pale pale anapoihitaji. Mama yake anamkataza, na mimi siwezi kumlaumu.

Nilichora kona mpya, ya mita 3, nikaipeleka kwa wahusika. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili niliambatanisha mchoro na vipimo, na baada ya miezi sita tukaruhusiwa kujaribu kwa rangi na mapipa ya mchanga. Pingamizi lilikuwa lile lile nililolisikia kazini miaka yote, kwamba lori la taka halitapinda. Siku lilipokuja nilikuwa nimekaa pale tangu alfajiri. Dereva alipunguza mwendo, akatanua kidogo kuelekea katikati ya barabara, akapinda, akaenda zake. Hakuna pipa lililoguswa. Kwa miaka 11 nilikuwa nimewapunja watu njia kwa ajili ya lori linalopita mara moja kwa wiki!

Asubuhi iliyofuata mama alisimama ukingoni kama kawaida yake. Gari lililokuwa linapinda likasimama, dereva akampungia mkono apite. Alivuka bila kunishika, mkongojo ukigonga rangi mpya, na alipofika ng'ambo aligeuka kuitazama barabara kwa muda mrefu.

Sasa tunafika mbali zaidi, na tatizo jipya ni pumzi. Juzi alinionyesha kwa mkongojo chini ya mti mmoja, akasema, "Hapa pawekwe benchi, litazame wapita njia." Nimeshapima. Njia ya miguu pale ina mita 3, benchi litachukua sentimita 60, na kiti cha magurudumu kitapita bila shida. Mchoro uko mezani.