Bababa ba?

Mwanangu karudi shule na swali: rafiki yake Mturuki anamwita baba yake "baba" vilevile kama sisi, kwani Waturuki na Waswahili ni ndugu? Nikamwambia hapana. Hata Wachina husema baba. Kwa Waserbia baba ni bibi, na watu wa Georgia baba mzazi ndiye humwita "mama". Ba na ma ni sauti nyepesi kwa mdomo wa mtoto mchanga, kila jamii ikazipa maana yake. Akaridhika, akaenda kucheza. Mimi nikabaki na ile lifti ya hoteli niliyofanyia kazi Doha, Qatar.

Baba alifariki asubuhi, akazikwa Mombasa alasiri ileile, mimi hata ruhusa sijaomba. Kesho yake nikavaa sare, nikaingia zamu.

Nilikuwa ndani ya lifti ya wafanyakazi na toroli la mashuka machafu, jiki inanichoma pua. Mlango ukafunguka. Dada wa Kifilipino akachungulia, akauliza: "Bababa ba?" Mwenzake aliyekuwa nyuma yangu akajibu: "Bababa." Niligeuka kwa nguvu hata toroli likagonga ukuta. Mimi nilisikia mtu anamwita Baba, mbiombio, kama mtoto aliyemwona akitokea njiani. Machozi yakanitoka palepale.

Wakanishika hadi dobi, wakanikalisha. Yule mkubwa akanieleza taratibu: kwa Kitagalogi, lugha yao, babâ ni chini. Silabi ya kwanza ikirudiwa, ni kushuka kunakokuja. "Ba" ya mwisho ni "je" yetu. Je, inashuka? Inashuka. Akagusa kidevu chake: hiki nacho ni baba, ila mkazo unakaa silabi ya kwanza. Na baba mzazi? "Tatay," akasema. Ndipo nikawaambia kwetu neno hilo ni nani, na kwamba wangu kazikwa jana. Hakujibu kitu. Alinifuta uso kwa aproni yake.

Tangu hapo, kila wakinikuta kwenye lifti, waliuliza kwa kidole tu, kimeelekezwa chini. Huruma ile nawashukuru hadi leo. Lakini mimi nilitamani walitamke, maana Doha nzima hapakuwa na mwingine wa kuniitia Baba. Sikuwaambia. Wala sijui ningeanzia wapi.