Mkuyu umekubali kukaa

Jana jioni mkuyu wangu wa bonsai, mti mdogo ninaoulea kwenye trei pamoja na mawe, ulikubali. Wiki sita nimeuhamisha huku na huku kwenye ile trei ya saruji ya sentimita 60, na kila nikirudi nyuma kuutazama, umekaa kama abiria aliyepanda matatu isiyo yake.

Kilichonikera ni kwamba hesabu ilikuwa sawa. 60 mara 0.618, ule uwiano wa dhahabu ambapo sehemu ndogo kwa kubwa ni kama kubwa kwa zima, ni 37 na kidogo. Nikapiga chaki kwenye 37 kutoka kushoto, shina likasimama pale pale. Jiwe kubwa 34, mti 21, jiwe dogo 13, uwiano wa dhahabu mtupu. Bado sura bapa! Nikalaumu jiwe. Nikalaumu kilima cha udongo, nikakishusha. Nikafunga upya waya wa kuelekeza matawi, nikavunja kitawi nilichokilea tangu mwaka jana. Siku hiyo sikugusa trei tena.

Binti yangu ndiye aliyeliona, kasimama mlangoni na kikombe cha uji.

"Baba, mbona mti uko katikati?"

"Hauko katikati, nimeupima."

"Majani yako katikati."

Nikafunga nati kwenye uzi, timazi ya maskini, nikaining'iniza kutoka kileleni. Ikaangukia 30. Shina limeinamia kushoto: mimi napima mguu, jicho linatazama kichwa. Euclid, yule Mgiriki wa jiometri, aliugawa mstari hivi yapata miaka 2,300 iliyopita, lakini mstari wake haukuwa na kibiongo. Nikang'oa, shina likahamia 44, kichwa kikaja 37. Pengo kati ya majani na jiwe kubwa likafunguka, ungedhani upepo wa ziwa unapita hapo.

Tepu ya chuma nimeiweka kando, inajipinda na kudanganya. Rula mbili za mbao za sentimita 30, zitoboe kwenye 18.5, tia skrubu moja, ufungue kama mkasi: upana wa upande mfupi ni karibu 0.62 ya ule mrefu, moja kwa moja. Na waya wa shaba kwa mkuyu, hapana. Ukishakunjwa unakakamaa, kuutoa ni kuchubua gome. Aluminiamu inatosha.

Wikendi hii nilipanga kubandika ile mimea midogo ya kijani inayoota kwenye kuta zenye unyevu juu ya udongo. Lakini Jumapili nilipita Kit Mikayi, ule mwamba mtakatifu wa Wajaluo karibu na Kisumu, nikienda Bondo, nikayatazama yale mawe matatu ya juu, Mikayi, Nyachira na Reru, yaani mke wa kwanza, wa pili na wa tatu, yalivyosongamana. Pale siokoti hata kokoto, watu huenda kuomba. Mabaki ya machimbo yatafaa. Shida ni kwamba mawe yale yamepandana, kwa hiyo mgawo itabidi upande juu badala ya kulala kwenye trei. Saruji ya trei ya pili nimeshamwaga.